Muuaji wa Jumamosi

Siku za kazi Shangazi alikuwa mtoa fotokopi. Jumamosi alikuwa muuaji.

Siku ya maziko yake, Mungu ampumzishe, kiongozi wa ibada alisema marehemu alikuwa mpole, mchapakazi na mtu wa sala. Yote kweli tupu. Lakini watu walipokuwa wakikung'uta udongo viatuni, kinyozi wa mtaa alinong'ona swali lililokuwa kooni mwa wengi.

"Jamani, sasa Kimya atakuwaje?"

Wanaume wazima wakaanza kulia upya.

Kimya ndiye muuaji mwenyewe. Aliishi kwenye karatasi, katika kijitabu cha kurasa saba ambacho Shangazi alikichora kwa mkono na kukitoa Jumamosi moja ndiyo, moja hapana. Alikuwa muuaji wa kukodiwa, mwembamba kama ufito, nywele zimemfunika jicho moja, na hakupenda maneno mengi. Mtaa mzima ulimjua. Wapo waliomjua Kimya wasijue jina la diwani wao.

Mambo yalianza kwa kitabu kilichosahauliwa. Mwanafunzi mmoja alileta manga, kitabu cha Kijapani cha hadithi za picha, katika duka alilofanyia kazi Shangazi, akataka ukurasa mmoja utolewe nakala, akaondoka na nakala na kukiacha kitabu. Shangazi alikiweka kwenye boksi la vitu vilivyosahauliwa, na miezi sita ilipokwisha bila mwenyewe kurudi, akaenda nacho nyumbani. Kijapani hakujua hata neno la salamu, kwa hiyo alisoma picha. Mara ya kwanza hakuelewa kitu: maiti walikuwa wanainuka, damu inarudi mwilini, watu wanaagana kabla hawajaonana. Siku ya tatu ndipo alipogundua kwamba kitabu kinaanzia kule ambako vyetu vinaishia, na kila kitu kinakwenda kutoka kulia kuja kushoto. Alicheka peke yake jikoni mpaka mama yake akauliza kuna nini.

"Mama, nilikuwa nimekishika kitabu mkiani!"

Tangu hapo akaamua kuchora cha kwake, na cha kwake nacho kikasomwa kutoka kulia. Waliolalamika aliwaambia, "Mgeni mpokee kama alivyo. Usimgeuze miguu akiwa mlangoni."

Mama yake, Bibi wa nyumba ile, hakupendezwa.

"Mtu anayeamka na sala anachoraje mauaji?"

"Mama, ni wino tu."

"Hata hati ya kifo ni wino tu."

Shangazi alilipima neno hilo, akaweka sheria: katika vitabu vyake hakuna damu itakayoonekana. Waliokufa wote walifia nje ya ukurasa. Msomaji aliona mlango umefungwa, kisha pea ya ndala imebaki nje peke yake, basi, akajua. Na kabla ya kugusa kalamu aliomba, kama vile mtu anayeanza safari. Bibi naye, kwa kuwa hakuweza kumzuia binti wa miaka arobaini na moja, aliamua kumshughulikia muuaji mwenyewe. Kila jioni, baada ya kuwaombea wagonjwa, wajane na wasafiri, aliongeza, "Na yule Kimya, Bwana, umguse moyo." Alisoma kila toleo kwa kioo cha kukuzia, ili ajue maombi yamefika wapi.

Na moyo wa Kimya ulikuwa na pa kuguswa. Aliokotwa akiwa mdogo na mzee mmoja aliyeitwa Mlezi, ambaye alimlisha, akamfundisha kazi, akamfanya mwanawe. Kila aliyeuawa aliuawa kwa amri ya Mlezi. Halafu, katika toleo la tisa, Kimya alijeruhiwa, akaangukia mlangoni kwa nesi mmoja ambaye alimshona kidonda, akamficha siku nne na hakumuuliza jina. Katika toleo la kumi na moja Mlezi akamwita Kimya, akaweka kisu mezani na kusema, "Yule nesi ameona uso wako. Nenda."

Hapo mtaa uligawanyika. Njia mbili zilimshinda fisi, sembuse Kimya.

Sasa, hadithi hii haikutoka hewani. Mwenye duka alikuwa mzee aliyeitwa Mzee Nakala, na yeye ndiye aliyempokea Shangazi akiwa na miaka kumi na tisa, ametoka shule na matokeo ya kuficha chini ya godoro. Alimfundisha kujaza wino wa unga bila kupaliwa, kusikia kwa sikio karatasi ilipokwama, kujalidi, kulaminisha, kupiga chapa kwa vidole kumi. Mwezi wa kwanza Shangazi aliunguza mashine mpya iliyokuwa ya kukodi. Wenye mashine walipokuja juu, Mzee Nakala alisimama mbele yao na kusema, "Nimeiunguza mimi. Mnasemaje?" Hakulitaja tena jambo hilo miaka ishirini na miwili. Mtu wa namna hiyo unamwambiaje hapana?

Na ng'ambo ya barabara kulikuwa na Mama Rangi. Huyu alifungua duka dogo lenye mashine ya kutoa picha za rangi, akaweka kiti cha kuzunguka na feni, na wateja wakaanza kuvuka barabara. Shangazi alipanga kumchukia. Alikuwa bado anapanga pale Bibi alipofanyiwa upasuaji wa tumbo, na Shangazi mwenyewe akaanguka kwa homa wiki ileile. Mama Rangi alifunga duka siku tatu, akakaa hospitali, akamwogesha Bibi, akamgeuza kitandani, akamsomea maandiko kwa sauti yake ya kuuza sokoni mpaka wodi nzima ikajua zaburi. Tangu hapo Bibi alimwita "mwanangu wa pili", na wa kwanza akalazimika kuzoea.

Mzee Nakala hakuzoea. Wanawe walikuwa mbali na hawakulitaka duka. Duka ndilo lililokuwa linamwamsha asubuhi. Jumatatu moja alivuta kiti, akavua miwani yake iliyofungwa kamba, akasema:

"Binti yangu, kuna barua nataka uniandikie. Iende manispaa. Yule wa ng'ambo amevuta waya wa umeme juu ya dari, nimeuona kwa macho yangu. Duka lile litaunguza mtaa."

"Mzee, na sisi waya wetu umepita juu ya dari."

"Wetu umezoea."

Shangazi akacheka. Yeye hakucheka.

"Ukiandika wewe, watafunga wiki hiyohiyo," alisema. "Unajijua."

Alijijua. Barua za Shangazi zilikuwa na sifa mjini. Barua yake moja ilihamisha dampo la taka. Nyingine ilimwondoa mwalimu mkuu. Aliandika kwa adabu nyingi, aya fupi, na kila aya ilikuwa inaingia kama sindano. Watu walikuja kutoka mitaa ya mbali kumwomba awaandikie, na hadi siku hiyo hakuna aliyefikiri kwamba barua inaweza kumfikia mtu aliyemwogesha mama yako.

"Nipe siku mbili tatu, Mzee."

Siku mbili tatu zikawa wiki. Mara kompyuta ilikuwa nzito, mara kidole kilikuwa kinamwuma. Na kwa kuwa mdomo ulikuwa umefungwa, kalamu ikasema: ndipo lilipotoka lile toleo la kumi na moja, lenye kisu mezani. Mzee Nakala alikuwa hajawahi kusoma hata toleo moja. Kwake zilikuwa katuni za watoto, yeye kazi yake kuruhusu mashine itumike. Lakini kinyozi hana siri.

"Mzee, umechorwa," alimwambia huku akimnyoa kisogo. "Miwani, kamba, kila kitu. Na unataka kumuua nesi."

Mzee alirudi dukani na povu shingoni.

"Huyo Mlezi ni mimi?"

"Ni wino, Mzee."

"Na nesi ni yule wa ng'ambo?"

Shangazi akainama kutafuta karatasi ambazo hazikuwepo.

"Sawa," alisema Mzee Nakala. "Umeshindwa kunijibu kwa mdomo, nitakisoma hicho kitabu chako kijacho. Kimya akifanya nini, nitajua na wewe utafanya nini. Ila kumbuka, fadhila za punda ni mateke. Usiwe punda."

Wiki hizo mbili Shangazi hakulala vizuri wala kula vizuri. Kila mtu alikuwa na ushauri. Mama Rangi, ambaye hakujua lolote kuhusu barua, alivuka barabara akiwa na chupa ya soda mkononi.

"Dada, huyo nesi wako asife bwana! Mbona mtu mzuri hivyo?"

"Kwani umempendea nini?"

"Hajamuuliza jina. Mimi ningemuuliza jina, namba ya simu na kabila la mama yake."

Shangazi alicheka, kisha akaenda chooni akakaa humo muda mrefu kuliko haja.

Alipoanza kuchora aliona hana maneno. Basi akaamua toleo la kumi na mbili lisiwe na neno hata moja, picha saba tu. Ya kwanza: Kimya amepiga magoti mbele ya Mlezi, kisu kipo mezani katikati yao. Ya pili: Kimya barabarani, kisu mkononi. Ya tatu: mlango wa nesi, umefungwa. Ya nne: kisu kimeinuliwa, nesi ameinama anashona kifungo. Ya tano: nesi ameinua uso, wanatazamana. Ya sita: kisu kimelala ndani ya kikapu cha nesi, kati ya nyuzi, na mkono wa Kimya uko juu ya mpini, unakiacha. Ya saba: Mlezi yuko peke yake mezani, na mbele yake vikombe viwili vya chai.

Hiyo ya saba aliichora mara nne. Mara zote nne alilia.

Ijumaa mchana alizipanga karatasi kwenye meza ndefu ya dukani, kama alivyofanya siku zote, kwa mstari mmoja kutoka kulia kuja kushoto, ili aione hadithi nzima kabla ya kuitoa nakala. Namba hakuweka, alisema namba kwenye picha ni kama bei kwenye paji la uso. Alikuwa anatafuta stepla pale simu ilipoita: Bibi ameteleza bafuni. Akaondoka mbio, mkoba begani, kiatu kimoja hakijafungwa.

Bibi hakuvunjika kitu. Alikuwa amekaa kitini anaulaumu uchakavu wa ndala. Lakini jioni ilishaingia na Shangazi hakurudi kazini. Akampigia Mzee Nakala kumwambia asubuhi atawahi.

"Usijali," alisema Mzee. Sauti yake ilikuwa laini kama ya mtu aliyetoka kuoga. "Nimeshavitoa vyote arobaini. Nimebana mwenyewe. Vingine watu wameshachukua."

"Umesoma, Mzee?"

"Nimesoma, mwanangu. Nimelipata jibu lako. Mungu akubariki."

Shangazi alikaa na simu mkononi. Alitarajia ngurumo, na hii ilikuwa baraka. Alimwendea Bibi, akamkuta ameshaletewa nakala yake na jirani, kioo cha kukuzia kikiwa kifuani.

"Amekiacha!" Bibi alisema, macho yanang'aa. "Amekiacha kisu kikapuni! Nilikwambia Mungu hachelewi."

Basi Mzee amekubali, Shangazi alijiambia. Mzee ni mtu mkubwa kuliko nilivyodhani. Alilala usingizi wa mtoto.

Asubuhi alikuta mbele ya duka pamejaa. Kinyozi alikuwa ameshika kijitabu hewani kama kadi nyekundu.

"Amemuua! Amekichukua kisu kikapuni kwake mwenyewe, akammaliza, akarudi kwa mzee wake kupiga magoti. Shangazi, una roho gani wewe?"

"Wewe kinyozi una kichaa," alijibu muuza magazeti. "Amekiacha kisu, ameondoka. Mimi nimesoma na mke wangu."

"Basi mmesoma usingizini!"

Shangazi akakinyakua kijitabu mkononi mwa kinyozi. Pini zilikuwa upande wa kushoto, si kulia kama siku zote. Juu kabisa ulikuwa ukurasa wa Mlezi na vikombe viwili. Mwisho kabisa ulikuwa Kimya amepiga magoti. Mzee Nakala alikuwa amezikusanya karatasi kutoka mezani kama alivyokusanya karatasi zote maishani mwake, kuanzia kushoto. Waliokuwa wasomaji wa zamani, kama Bibi na muuza magazeti, walianzia nyuma kwa mazoea na wakaipata hadithi. Wengine wote, hata kinyozi, walifuata pini, wakakifungua walivyopewa.

Na katika hadithi waliyopewa, mzee alianza peke yake na kuishia na mwanawe miguuni.

Aliingia ndani. Mzee Nakala alikuwa amevaa shati la kutokea. Alikuwa amefuta vumbi kwenye kompyuta, ameiwasha, na ukurasa mweupe ulikuwa unamsubiri. Kiti cha Shangazi kilikuwa kimewekewa mto.

"Kaa, mwanangu. Sina haraka. Andika polepole."

Shangazi hakukaa. Kwa mara ya kwanza aliona kwamba angeweza kunyamaza. Mzee hakuwa amemdanganya mtu, kitabu chenyewe kilisema hivyo, mtaa mzima ulikuwa shahidi. Angekaa, angeandika aya tatu fupi, na mzee huyu angeendelea kung'aa hivi. Au angesema neno moja na kumzima kama taa, yeye aliyesimama mbele ya wenye mashine. Nje, Mama Rangi alikuwa anafungua mlango wa duka lake kwa kishindo na kusalimia watu wanne kwa pumzi moja.

"Mzee," alisema Shangazi, na sauti ikamtoka ndogo. "Umekisoma kinyume."

"Nimekisoma mara sita."

"Mara sita kinyume. Kinaanzia kulia. Njoo."

Akazichukua karatasi zenyewe, zile alizochora kwa mkono, akazipanga tena kwenye meza ndefu. Akamshika Mzee kiwiko, akampeleka mpaka mwisho wa kulia. Mzee akavaa miwani. Alitembea hatua moja kwa kila karatasi, kama mtu anayekagua gwaride. Magoti. Barabara. Mlango. Kisu juu. Macho. Kikapu. Alipofika ya saba alisimama mpaka mashine ya nyuma ikapoa na kujizima yenyewe.

"Anabaki peke yake," alisema.

"Ndiyo, Mzee."

"Na chai vikombe viwili."

"Ndiyo."

"Cha pili cha nini, kama kijana ameondoka?"

Shangazi alijifuta pua kwa mkono kama mtoto.

"Hajaondoka, Mzee. Yeye amesema kazi hiyo haifanyi. Hajasema harudi nyumbani."

 Mzee Nakala alivua miwani, akaiacha ining'inie kwenye kamba. Alitazama ng'ambo ya barabara, akatazama dari yake mwenyewe na waya wake uliozoea. Shangazi alisubiri neno punda. Badala yake mzee aliizima kompyuta, akachomoa kile kidude chenye meno cha kung'olea pini na kukisukuma upande wa Shangazi wa meza. Yeye akatumia kisu cha kukatia karatasi.

"Vimebaki ishirini na sita," alisema. "Vilivyochukuliwa, kinyozi atatangaza virudishwe. Mdomo anao."

Wakakaa wanang'oa pini. Mzee alikuwa amebana kwa nguvu, tatu tatu, kama mtu asiyetaka hadithi itoroke, kwa hiyo kazi ilikuwa ndefu.  Mteja akaja na cheti cha kuzaliwa, akahudumiwa, akaondoka. Mara moja mzee alivuta kamasi, akasingizia vumbi la wino. Shangazi akakubali kwamba vumbi limezidi.

"Na barua, Mzee?" aliuliza mwishowe, kwa kuwa kutouliza kulikuwa kunamchoma.

"Barua gani?"

Akang'oa pini nyingine. Kisha nyingine. Karibu na nakala ya ishirini alisimama, kidole juu ya picha ya saba.

"Huyu mzee," alisema, "toleo lijalo mpe kazi."

"Kazi gani?"

"Yoyote. Afagie hata kibaraza. Ila usimwache amekaa tu hivyo, binti yangu. Mtu akikaa tu hivyo anawaza mabaya."